Mpunga Uliokosa Giza

Mama mkwe wangu alifika Bukavu siku ya Jumanne, miezi michache baada ya vita ya pili ya huku kwetu kuanza. Alikuwa ametembea siku tatu kutoka tambarare ya Ruzizi, upande wa Kamanyola. Nilikuwa naanika nguo uani nilipomwona mama mmoja amesimama langoni, kikwembe kimoja kiunoni, kingine kimefungwa mzigo kichwani, miguu imevimba. Sikumtambua mara moja. Nilikuwa nimemwona mara mbili tu, siku ya mahari na siku ya harusi.

"Mukamwana," akasema, "unipatie maji."

Mume wangu hakuwepo. Alikuwa muuguzi, na kazi ilikuwa imempeleka Kamituga kabla ya vita kufunga barabara. Barua zake zilikuja na watu waliotembea kwa miguu katika msitu, nazo zilifika zimekunjwa mpaka maneno ya kwenye mikunjo hayasomeki. Kwa hiyo tukabaki wanawake wawili tusiojuana, katika nyumba ndogo ya matofali ambayo baba yangu aliniachia katika mtaa wa Nguba, juu kidogo ya ziwa.

Tena kati yetu kulikuwa na jambo. Nilikuwa nimeolewa miaka minne na sikuwa na mtoto. Mara mbili nilibeba mimba, mara mbili ikatoka katika mwezi wa tatu. Alijua, mwanawe alimwandikia. Nilingoja aniulize siku ya kwanza, nikangoja ya pili. Hakuuliza kitu. Alikula, alishukuru, alifagia uwanja kabla sijaamka. Ukimya wake ulinichosha kuliko swali lolote.

Kitu alichokilalamikia ni baridi. Kule kwao joto halitoki hata usiku. Hapa Bukavu asubuhi alikuwa anakaa kwenye ngazi ya mlango, amevaa sweta ya mwanawe juu ya kikwembe, anafuata jua kila linapohama.

"Jua ya huku inaangaza tu," aliniambia. "Haipike."

Wiki ya pili nilichukua mzigo wake nikafue. Ndani nikakuta soksi ya mtoto imefungwa kwa kamba, nzito kidogo. Aliniona, akaja mbio licha ya miguu yake.

"Hiyo si ya kufua."

Akaikalisha mapajani na kuifungua. Ilikuwa mbegu ya mpunga, ganda lake jekundu-jekundu, kila punje na mkia mrefu kama unywele. Aliipata kwa mama yake, na mama yake aliipata kwa nani hakujua. Ni mpunga mrefu, alisema, unaofika kifuani, na ukiupika jirani anakuja kusalimia bila sababu. Wataalamu walileta mbegu mpya fupi, watu wakazichukua, yeye akalima hizo mpya na kubakiza kipande cha shamba kwa ajili ya hii. Usiku wa kukimbia ghala lilikuwa linawaka.

"Bengine balibeba sufuria," alisema. "Mi nilibeba hii."

Kisha akaniomba udongo. Mbegu ya mpunga haikai miaka mingi, alinieleza. Mwaka, miwili, inafia ndani ya ganda, na hakuna aliyejua barabara ya kwao itafunguka lini.

Mimi nilikuwa mwalimu wa biolojia katika shule ya wasichana. Nilimjibu kama mwalimu.

"Maman, huku tuko juu sana. Usiku kunakuwa baridi. Mupunga ni mumea ya joto, itakataa."

"Ulishaipanda?"

"Hapana."

"Basi unajua namna gani?"

"Iko mu kitabu."

Alinitazama kwa makini, bila dharau. "Na hicho kitabu, kilipandwa wapi?"

Kesho yake tulishuka ziwani, yeye na jembe langu, mimi na ndoo mbili, tukapandisha tope jeusi. Ilikuwa kazi ya kwanza tuliyofanya pamoja. Tulijaza mabeseni matatu, moja lina tundu tuliloziba kwa kitambaa. Akalowesha nusu ya mbegu, akaifunga katika jani la mgomba na kuiweka karibu na mbabula, pale makaa yanapobaki na uvuguvugu baada ya chakula. Kwao, alisema, ingechipua siku mbili. Hapa ilichukua tano. Kila asubuhi alifungua jani akanusa, akalifunga tena.

Mche ulikua polepole, majani yake yakiwa na manjano. Maji ya bomba yalikuwa baridi mno, basi aliyaacha kwenye ndoo juani kutwa nzima kabla ya kuyamimina. Nami nikaazima kipimajoto cha maabara ya shule, nikawa nasoma mara tatu kwa siku na kuandika nyuma ya daftari la maksi. Mwanzoni alinicheka. Baadaye alianza kunikumbusha: "Mwalimu, haujapima." Jioni nilimsomea, naye aliniambia majani yalivyokuwa siku ile, na mara nyingi namba zangu na macho yake vilikubaliana.

Mpunga ulibeba mimba mwezi wa sita. Ndivyo wakulima wanavyosema shina linapovimba kwa sababu suke limo ndani, halijatoka. Ni wakati mbaya wa kubeba mimba Bukavu. Kiangazi kimefika, mbingu iko wazi, usiku joto lote linapanda na kupotea. Alfajiri kipimajoto kilinionyesha nyuzi kumi na nne, siku nyingine kumi na tatu. Nilijua maana yake. Baridi ikiukuta mpunga katika siku zile, chavua inaharibika ndani ya ua kabla ua halijaona jua. Nje hutaona kitu. Jani ni zima, shina ni zima.

Sikumwambia. Nilitumaini kitabu kimekosea.

Masuke yalipotoka yalisimama wima, meupe. Suke lenye kitu linainama. Haya yalisimama kama mafagio. Tulingoja wiki tatu. Jumapili moja baada ya misa alichuchumaa mbele ya mabeseni akaanza kubana punje kwa ukucha, moja moja, suke kwa suke. Hewa tupu. Katika beseni la tatu alipata punje chache zenye moyo, akazifunga katika kona ya kikwembe. Kisha akakaa chini kwenye vumbi na nguo zake za kanisa.

Nilisimama nyuma yake nikingoja alaumu tope, au maji, au mimi.

"Hii mupunga haina makosa," alisema. "Ilibeba mimba muzuri. Ni baridi njo ilifika ndani."

Sijui nini kilinipata. Machozi yalinitoka kabla sijageuza uso. Nililia kwa sauti, kama mtoto, na kadiri nilivyojaribu kunyamaza ndivyo nilivyozidi. Hakuniuliza ninalilia nini. Alisimama, akavua ile sweta, akanivika mimi, ingawa yeye ndiye aliyekuwa anatetemeka.

"Na weye hauna makosa," alisema. "Nilitaka kukuambia tangu siku nilifika. Sikujua nitapitia wapi."

Tangu siku ile tulikuwa tunaongea mpaka chakula kinapoa.

Ile nusu nyingine ya mbegu ilikuwa bado kwenye soksi. Mkulima, aliniambia, hapandi mbegu yote katika shamba asilolijua. Safari hii tulipanga pamoja. Tulipasua pipa la zamani katikati tukapata vyungu viwili vikubwa, tukavisimamisha penye ukuta wa mawe unaotutenga na jirani. Ukuta ule unakunywa jua mchana kutwa, na saa mbili za usiku ukiugusa bado una joto. Tulipanda mwezi wa tisa, mvua za kwanza, ili mimba isikutane na kiangazi.

Mpunga ulikubali. Kufika Noeli ulikuwa wa kijani kizito, umejaza mapipa, unafika kiunoni. Mama mkwe alianza kuimba akiwa anapalilia, na ndipo nilipojua ana sauti nzuri.

Nyumba ya jirani ilikuwa tupu. Wenyewe walikimbia mapema. Kabla ya Noeli wanajeshi waliingia humo. Sitasema ni wa upande gani. Miaka ile pande zilibadilika na nyumba zilibaki zilezile. Waliweka jenereta, na juu ya mlingoti wakafunga taa kubwa inayoangaza uwanja wao wote, na kwa kuwa ukuta ni mfupi, uwanja wetu pia. Iliwaka kutoka jioni mpaka asubuhi. Tulizoea kulala tumegeukia ndani.

Januari ikapita. Februari ikaenda nayo. Mpunga ulizidi kurefuka, ukapita kifua cha mama mkwe, majani mazuri sijapata kuona. Lakini haukubeba mimba. Kila siku alipapasa mashina kwa vidole viwili, kuanzia chini kwenda juu, akatikisa kichwa.

"Wakati yake ilishapita," alisema. "Inakula, inalewa, inasahau kuzaa. Sijaona mupunga ya hivi."

Joto halikuwa tatizo, nilikuwa na daftari langu. Maji yalikuwepo. Nilikaa siku kadhaa na swali lile mpaka nikawa darasani, nasahihisha kazi za wasichana kuhusu majani, ndipo nikakumbuka somo moja la chuoni, la zamani, nililolisoma kwa ajili ya mtihani tu. Kuna mimea inayohesabu urefu wa giza. Mpunga wa asili wa kwetu ni mmojawapo. Hapa kwetu usiku ni saa kumi na mbili mwaka mzima, na mmea ukipata usiku mrefu wa kutosha, mfululizo, unajua ni wakati wa kuzaa. Ukiuwashia taa, kwake ni mchana usiokwisha. Unaendelea kuota majani na kungoja.

Nilirudi nyumbani karibu nikikimbia, nikamweleza.

Alisikiliza, mkono shavuni. Akaangalia mlingoti, akaangalia mapipa.

"Unasema haijalala tangu Noeli?"

"Njo vile, Maman."

"Maskini," alisema, akajifunga kikwembe vizuri na kutoka nje ya lango kabla sijaelewa anakwenda wapi.

Nilimkuta tayari anaongea na mlinzi, kijana mwenye bunduki begani. Nilimshika mkono nimrudishe. Alikuwa mgumu kama kigogo. Ilikuwa saa tisa ya mchana. Kamanda wao alitoka kwa sababu ya kelele, fulana ya ndani, povu la kunyolea ndevu kwenye shavu moja.

"Likambo nini?" aliuliza. Kuna shida gani?

"Taa yako, papa," mama mkwe alisema. "Inanyima mupunga yangu usingizi."

Yule mtu alinitazama mimi, nadhani ili nimwambie kama mama huyu ni mzima. Nikaeleza: giza, mimba, mbegu ya mama yake. Nilijisikia mjinga. Alisikiliza mpaka mwisho, povu linakauka.

"Maman, hii taa ni ya ulinzi. Nikizima, banatuua. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Mwambie mupunga yako ifunge macho."

Wanajeshi walicheka. Yeye pia alicheka, akarudi ndani kumalizia ndevu zake. Nilimvuta mama mkwe nyumbani. Nilidhani atakuwa amevunjika moyo. Alikuwa amesimama mbele ya mapipa, vidole midomoni.

"Amesema vizuri yule," alisema. "Tutaifunga macho."

Tulikata fito za mianzi tukazifunga kuwa kizimba kuzunguka kila pipa, kirefu kuliko mpunga wenyewe. Jioni saa kumi na mbili tulitupia vikwembe juu yake, viwili kwa pipa, cha tatu upande wa taa, na juu kabisa blanketi la kijivu la kitanda changu cha ndoa. Aliingiza kichwa ndani akakaa humo muda mrefu.

"Iko giza ya kwetu," alisema sauti imefifia chini ya nguo.

Tuligundua kwamba ndani ya hema lile joto nalo linabaki. Tukiweka sufuria ya maji ya moto chini, alfajiri kipimajoto kilisoma nyuzi kumi na tisa, wakati nje ni kumi na tano. Saa kumi na mbili asubuhi tulifunua. Hivyo kila siku, bila kukosa, kwa sababu nilikuwa nimemwambia kwamba hata usiku mmoja wenye mwanga unaweza kuurudisha nyuma, naye alilichukua neno lile kama amri ya kanisa. Nguo za kuvaa zilipungua. Nilikwenda kufundisha na kikwembe kimoja wiki nzima, wasichana wakajifanya hawaoni.

Siku moja ya mwezi wa tatu risasi zilianza mchana upande wa juu wa mji, zikashuka mpaka karibu na kwetu. Tulilala kifudifudi kwenye ukumbi mdogo kati ya vyumba, ambapo kuta ni mbili. Tulisali rozari yote, tukaanza tena. Mwanga wa dirisha ulipoanza kuwa wa rangi ya chungwa nilimsikia anainuka.

"Maman, ulale!"

"Saa kumi na mbili," alisema.

Nilimshika kikwembe. Tulivutana pale chini, wanawake wawili wazima, mpaka nikaona kwamba hatakubali, na kwamba yeye hawezi kukimbia kwa miguu ile. Basi nilikwenda mimi. Nilitambaa mpaka mlangoni, nikakimbia nimeinama, nikatupia vikwembe, nikaangusha blanketi, nikaliokota, nikalitupia tena. Leo naona kwamba ulikuwa upumbavu. Niliporudi alinikumbatia kwa nguvu hata nikakosa pumzi, akanipiga kofi dogo begani, akanikumbatia tena.

"Usirudie," alisema. "Mupunga ni mupunga tu."

Wiki chache baadaye aliniita kabla sijavaa viatu vya shule. Alichukua vidole vyangu viwili akavipitisha kwenye shina, kuanzia chini, taratibu. Katikati kulikuwa na uvimbe laini, mviringo, kama kidole cha mtoto ndani ya soksi. Tulipapasa mashina yote.

Ua la mpunga linafunguka mara moja tu, saa nne au tano za asubuhi, jua likishapasha hewa, na halikai wazi muda mrefu. Nilifundisha miaka mingi bila kuliona. Masuke yalipotoka, asubuhi aliyoniambia maua yatafunguka, niliwapa wasichana zoezi, nikamwomba mwenzangu awaangalie, nikapanda mlima wa Nguba na kuuteremka mpaka nyumbani. Mama mkwe alikuwa amenisogezea kiti. Punje zilifunguka kama midomo, vitu vidogo vyeupe vikaning'inia nje vikitikisika, na alipogusa shina kwa mgongo wa mkono vumbi jembamba lilipaa katika jua. Tulikaa mpaka mdomo wa mwisho ulipofunga.

Mpunga ulikuwa katika maziwa, punje ukiibana inatoa utomvu mweupe, shangazi wawili wa mume wangu walipokuja. Nao walikuwa wamekimbilia mjini, kwa ndugu zao. Walikunywa chai, kisha wakaniomba niende jikoni. Jikoni kwangu kunasikika kila kitu. Walisema miaka mitano ni mingi, mwana wao hana mrithi, kule Kamituga pengine tayari kuna mtu, afadhali ukoo umtafutie mke mapema, kwa heshima.

Nilishika mchi nisitwange wala nisiuweke chini.

"Mutoto wangu alioa mutu," mama mkwe alijibu. "Hakuoa tumbo."

"Dada, sisi tunasema juu ya ukoo."

"Nimesikia. Mi njo nilizaa huyo munaongelea. Wakati nilikimbia, ni nani wa ukoo alinifungulia mulango?" Kikombe kiligonga kisahani. "Ni huyu iko jikoni. Ananipimia joto mara tatu kwa siku. Munywe chai."

Walikunywa. Walipoondoka aliingia jikoni, akachukua mchi mikononi mwangu na kutwanga yeye.

Tulivuna mwezi wa sita, kwa kisu, suke moja moja. Masuke yaliinama vizuri. Mpunga wote ulijaza kanga moja iliyofungwa, na hatukuonja hata punje. Wote ulikuwa mbegu. Tuliusambaza juu ya mkeka uani akaulinda siku nne akiwa na kijiti cha kufukuzia kuku wa jirani wa upande wa pili.

Barabara ya tambarare ilifunguka kidogo mwaka uliofuata, ikafungwa, ikafunguka tena. Mume wangu alirudi kutoka Kamituga kwa pikipiki na kwa miguu, amekonda, ndevu zimejaa, na wa kwanza kumwona alikuwa mama yake. Yeye mwenyewe alimrudisha mama yake tambarare, pamoja na ile kanga ya mbegu. Mimi nilibaki na shule.

Niliwafuata likizo kubwa iliyokuja. Lori lilishuka milima, na kila kona joto liliongezeka mpaka nikavua sweta, kisha viatu. Shamba lake lilikuwa dogo, nusu tu ya lile la zamani. Nusu nyingine hakuthubutu kuingia kwa kuogopa mabomu yaliyofukiwa. Lakini mpunga ulisimama kifuani, masuke yameinama, hakuna aliyeufunika wala kuupima.

Mavuno yale alipika sufuria ya kwanza. Harufu ilitoka, na kweli jirani mmoja alipita kusalimia, akakaa. Mama mkwe alichukua sahani, akapakua, akaniletea mimi kwanza kwa mikono miwili.

"Na mi, Maman?" mume wangu aliuliza.

"Weye ulikuwa Kamituga," alimjibu. "Ngoja."

Sikupata mtoto. Mume wangu hakuoa mwingine, na hakuna aliyelitaja tena jambo lile mbele ya mama yake. Mama mkwe aliishi miaka tisa baada ya hapo. Kila likizo nilishuka kwake kabla ya mavuno, wiki mbili, tatu, na kazi yangu ilikuwa kufukuza ndege. Alinipa debe na fimbo, akanikalisha kwenye jukwaa la miti katikati ya shamba, yeye akalala mchana kwenye kivuli cha nyumba, mlango wazi, akijua kwamba nikiliona kundi linashuka nitapiga kelele mpaka litakapoondoka.